Bibi Shamba na Chumba Chake cha Taa

Bibi Shamba hakununua taa kama watu wengine. Mteja wa kawaida dukani kwangu Nyamongo anaingia, anasema "nipe balbu", namjaribishia kwenye holda ya mezani, ikiwaka anaondoka. Yeye alikuwa akiomba kiti. Anakaa, anavaa miwani, anasoma maandishi yote ya kwenye boksi mpaka yale madogo ya pembeni, halafu ananiomba niwashe taa na niiache robo saa nzima. Muda huo wote ameweka mgongo wa mkono chini yake, kimya, kama muuguzi anayepima homa ya mtoto. Mwisho anasema, "Hii inachoma," au "Hii haina kitu," na mara chache sana, "Hii naichukua."

Alikuwa afisa ugani wa kata ya Nyanungu, na huku afisa ugani akiwa mwanamke anaitwa Bibi Shamba, jina linaishia hapo. Jina lake la kwenye barua nililiona siku moja kwenye kitambulisho, lakini nisingeweza kumwita hivyo. Kwao ni Iringa. Yeye aliletwa Mara na serikali. Mimi niliifuata dhahabu, ikanikataa, nikabaki nauza nyaya na balbu kwa wale iliowakubali.

Nyumba aliyopanga ilikuwa na vyumba viwili. Kimoja alilala yeye. Kingine ilikaa mimea.

Siku ya kwanza aliniuliza swali ambalo sikuwahi kuulizwa: "Una taa ya kukuzia miche ndani ya nyumba?"

Nikacheka. "Mama, na jua lote hili?"

"Jua lipo," akasema, hakucheka. "Na nzi weupe wapo."

Akanieleza. Hao nzi ni wadogo kama punje za unga. Wanatoka shamba hili kwenda lile wakihamisha ugonjwa wa viazi vitamu. Majani yanajikunja, yanakuwa ya njano, na mkulima akifukua tuta anakuta vizizi kama vidole. Dawa yake hakuna. Kinachowezekana ni kuwa na mmea mmoja mzima, umefungiwa mahali mdudu hafiki, ukatwe vipande, vipande viote mizizi, hivyo ndivyo vipelekwe shambani. Mmea huo aliuita mama. Yeye alikuwa nao mmoja, wa kiazi cha zamani chenye nyama ya njano, aliopewa na jirani yake mjane, Mama Gati. Mama Gati naye aliachiwa mbegu hiyo na mama mkwe wake, na kwingine kote kwenye kata ilikuwa imekwisha.

Nilikuwa na taa moja ya rangi ya zambarau, iliyokuja na mzigo kutoka Sirari. Boksi lake lilikuwa na picha ya nyanya na maandishi kwamba ni wati mia. Sikujua lolote kuhusu taa ile zaidi ya kwamba ilikuwa imekaa sana dukani. Nikamwambia ndiyo yenyewe.

Baada ya wiki tatu alirudi amebeba trei ya miche ya nyanya. Ilikuwa mirefu, myembamba, imepauka, mingine imelala juu ya mingine. Nikajua ugomvi umefika. Akaiweka trei mezani, katikati yangu na yeye.

"Sikuja kugombana," akasema. "Nimekuja uione. Mche ukikosa mwanga unarefuka. Unautafuta. Nguvu yote inaishia kwenye kutafuta, shingo inakosa mfupa."

"Lakini mama, imeandikwa wati mia."

"Nimezima kila kitu ndani, nikaiacha hiyo peke yake, nikahesabu mita ya luku inavyokonyeza. Haifiki hata wati ishirini. Na wati zenyewe ni umeme inaokula, siyo mwanga inaotoa. Wewe ulijua?"

"Sikujua, mama."

Aliniangalia kwa muda, kama anavyoangalia taa. "Basi tujue wote," akasema.

Ile taa ya zambarau ilimletea na jambo lingine. Mwanga wake ulipenya kwenye pazia ukaonekana barabarani, na huku Tarime mtu akisikia una mimea umeifungia chumbani, tena chini ya taa ya rangi, hahitaji kuambiwa zaidi. Asubuhi moja mtendaji wa kijiji alifika na mgambo wawili. Nilikuwepo, nimepeleka waya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibuni. Vueni viatu, na mnawe mikono."

Mgambo walitazamana. Walivua, wakanawa. Akawapitisha kwenye chandarua alichokining'iniza mlangoni. Mtendaji aliinama juu ya beseni, akachuma jani, akalinusa, akalinusa tena.

"Mama," akasema, "haya si matembele haya?"

"Ni matembele."

"Umeyawashia taa matembele?"

Kosa lake lilikuwa kuuliza. Bibi Shamba aliwaweka pale saa nzima, akiwaeleza nzi weupe, mmea mama na vipandikizi. Walipotoka, mgambo mmoja aliniambia pembeni, "Afadhali ingekuwa bangi, tungeshamaliza." Yeye aliwasindikiza hadi barabarani. Aliporudi uso ulikuwa umechangamka kuliko nilivyowahi kuuona. Muda mrefu baadaye ndipo nilipofikiri kwamba huenda hao walikuwa wageni wake wa kwanza mwaka ule.

Kuchagua taa alikonifundisha yeye sikukuta kwenye boksi lolote. Aliazima kwangu taa za aina tatu, akatengeneza maboksi matatu ya mbao yaliyopakwa chokaa ndani ili mwanga urudi, akaweka kila kitu sawa isipokuwa taa. Kila Jumamosi nilipanda bodaboda kwenda kuangalia. Zile nyeupe za kawaida, ndefu za mrija, ambazo nilikuwa nawauzia wenye maduka na saluni, ndizo zilizoshinda ile ya picha ya nyanya. Miche ilitoka mifupi, minene, ya kijani iliyokolea.

"Mche, kipandikizi na mama hawali sahani moja," alikuwa akisema. Mche anataka taa nyeupe karibu, urefu wa shubiri moja juu yake, ipandishwe kadiri anavyokua. Kipandikizi ni mgonjwa. Kimekatwa, hakina mizizi, hakiwezi kunywa. Ukikiwashia taa kali unakiua kwa wema. Kikae pembeni kwenye mwanga hafifu, kimefunikwa na mfuko wa nailoni, mpaka kishike. Mama anataka mwanga wa kutosha na wa kudumu, saa kumi na sita kila siku, asipewe nafasi ya kufikiria maua. "Mama hatumtaki akimbie," alisema. "Tunataka awepo."

Maneno mengine alikuwa nayo. Mtu akimletea jani lililoungua alisema, "Taa iko karibu kuliko ulivyodhani." Mtu akimsifia alisema, "Subiri mvua." Asubuhi akiwasha taa aliisalimia mimea kwa lugha ya kwao, "Kamwene," maana, aliniambia, hapa Nyanungu hakuna mwingine wa kumwambia neno hilo.

Alikuwa mtu wa mambo yasiyopatana. Kwenye mikutano aliwasihi wakulima wagawane mbegu, lakini chumbani kwake hakuruhusu mtu kugusa kitu. Chumba cha mimea kilikuwa cheupe kama wodi. Sebuleni alikaa kwenye balbu moja dhaifu ambayo nilimwambia mara nyingi anipe nimbadilishie. Alijua jani lina kiu kabla halijalegea. Binadamu mbele yake angeweza kuumia mchana kutwa asione.

Mzee Chacha, mkulima wa pale Nyanungu, ndiye aliyeniambia hilo. Ugonjwa ulipoingia kweli kwenye kata, matuta ya watu yakawa ya njano kutoka mtoni hadi juu mlimani, na ndipo Bibi Shamba alipofungua mlango wa chumba chake. Kwa wiki nyingi alikuwa amekata na kuotesha bila kumwambia mtu. Watu walipanga mstari uani. Kila kaya ilipewa fungu la mashina, na kila aliyepokea aliapishwa kwamba atang'oa ya zamani kwanza, yote, na kuyachoma. Waliokataa kuapa waliondoka mikono mitupu, wakimsema. Mzee Chacha aliapa, akachoma, akapanda. Mavuno yalipokuja alimpelekea Bibi Shamba mbuzi.

"Mzee, nashukuru, sina haja ya mbuzi," akamwambia. "Ataingia kwenye mimea."

Mzee akasimama pale na kamba mkononi. "Mama, umemkataa mbuzi au umenikataa mimi?"

"Nimesema ataingia kwenye mimea."

Mzee aliondoka na mbuzi wake na kwa miezi hakumsalimia. Mimi ndiye niliyemweleza Bibi Shamba kwamba amemtukana mtu mzima mbele ya majirani zake. Alishtuka kabisa. Siku ya pili alikwenda mwenyewe kuomba radhi. Walimchinjia yule yule mbuzi. Wanawake walimkalisha katikati, wakamwimbia. Kabla nyama haijaiva alisimama akaaga, eti muda wa kuzima taa umefika. Mama Gati aliniambia alijaribu kumshika mkono amrudishe, naye akauchomoa, akaenda zake.

Taa. Kila alipoalikwa, jibu lilikuwa taa. Harusi, taa. Likizo, taa. Tangu nimfahamu hakwenda Iringa hata mara moja. "Nani ataziwasha?" alisema. "Nani atazizima?"

Nikaona nimsaidie. Niliagiza Mwanza swichi ya saa, kile kidude unachochomeka kwenye soketi, unakipangia saa ya kuwasha na ya kuzima, kinafanya chenyewe. Nilimpelekea kwa furaha. Nilimwonyesha. Alielewa haraka kuliko mimi. Akakirudisha kwenye boksi lake taratibu, akafunga kifuniko.

"Ni kizuri," akasema. "Nitakitumia."

Alikiweka kwenye rafu, na Jumamosi zote nilizokwenda nilikikuta pale pale, boksi halijafunguliwa tena, vumbi linazidi. Sikumuuliza. Niliogopa jibu, na nadhani yeye aliogopa swali.

Halafu dada yake alifariki. Simu ilimkuta dukani kwangu, ameshika balbu. Alisikiliza, akasema "ndiyo" mara tatu, akakata. Akaiweka balbu kwenye boksi lake, akalipanga boksi sawa na mengine.

"Dada yangu," akasema. "Aliyenilea. Wanazika keshokutwa."

"Pole sana, mama. Ukiondoka leo hii kupitia Musoma unawahi. Ngoja nikutafutie usafiri."

"Nina vipandikizi vya siku nne. Havijashika."

"Mama, nitalala navyo mimi. Nitahamia pale. Na kile kidude kipo."

"Umeme siku hizi hauaminiki."

"Nitawasha na kuzima kwa mkono."

Alinitazama, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba alikuwa anaogopa. Alikuwa kama mtu aliyekaa ndani muda mrefu mpaka anahofia kufungua mlango. Akasema vipandikizi vya siku nne ni kama mtoto mchanga, havina mwingine. Akapanda bodaboda akarudi Nyanungu. Hakwenda kuzika.

Jumamosi iliyofuata nilikuta vipandikizi vyote vimeshika, majani yamesimama, chumba kizuri kweli. Alikuwa amekaa kwenye kigoda katikati yake, na hakuniambia karibu. Niliongea mambo ya waya. Baada ya muda akasema, akiitazama mimea na siyo mimi, "Fundi, nilikosea. Taa haikunizuia."

Nilimwambia ile tyubu ya kushoto imeanza kufifia, nitamletea nyingine. Mpaka leo najuta kwamba hilo ndilo nililomwambia.

Alistaafu, na afisa mwingine akaja, kijana mwema mwenye pikipiki na simu kubwa. Bibi Shamba alibaki kwenye nyumba ile ile miaka mingine, akiendelea na mama yake wa viazi, ingawa waliokuja kuchukua mbegu walizidi kupungua. Mashamba yalikuwa yamepona. Watu walikata mashina kwa majirani, kama inavyotakiwa. Kazi yake ilikuwa imefanikiwa, na kufanikiwa kwake kulimaanisha hakuna tena wa kugonga mlango. Mimi mwenyewe Jumamosi zangu zilianza kuruka. Duka lilikua. Nikawa naenda mara moja kwa mwezi, halafu mara moja moja.

Mara ya mwisho nilimwona Mugumu, nilikokwenda asubuhi kufuata leseni ya duka la pili nililotaka kufungua huko, ofisi za halmashauri. Nilikuwa nakatiza stendi nikamwona amekaa kwenye benchi ya magari ya Musoma, begi moja miguuni, kitenge begani ingawa jua lilishachomoza. Alikuwa amelala siku mbili kwa nesi waliyefanya kazi pamoja zamani, na nesi alikuwa zamu. Hakukuwa na mtu wa kumsindikiza.

"Shikamoo, mama. Safari?"

"Marahaba, fundi. Naenda nyumbani."

"Kusalimia?"

"Kukaa." Akasogea kunipa nafasi. "Watoto wa dada wamenipa chumba."

Nikamuuliza habari za mimea. Mama Gati ameuchukua ule mama, akasema, ameuweka dirishani kwenye chungu na chandarua, hana taa, na mwanga wa dirisha unatosha. Taa zenyewe amezigawa shuleni. Aliyasema yote hayo haraka, kama mtu anayekabidhi ofisi. Niligundua kwamba kwa miaka yote ile hatujawahi kukaa pamoja bila taa ya kuzungumzia, na hatukujua pa kuanzia. Kondakta alikuwa anapakia magunia juu ya basi. Mama mmoja alipita na karanga, Bibi Shamba akanunua mafungu mawili, akanipa moja.

"Hivi, fundi," akasema, "kwenu ni wapi?"

"Singida, mama. Vijijini huko, mbele ya Iramba."

"Miaka yote hii sikukuuliza."

"Na mimi sikusema."

"Mama yupo?"

"Yupo. Baba ndiye alishatangulia."

"Anajua uko wapi?"

Nikamenya karanga. "Anajua niko machimboni."

"Machimbo uliacha lini?"

"Mwaka wa pili tu baada ya kufika."

"Na hukumwambia kwa nini?"

Sikuwa nimewahi kulisema mbele ya mtu. Nikamwambia kwamba niliondoka nyumbani nikiwa nimeapa kurudi na dhahabu, kwamba ng'ombe wawili waliuzwa ili nipate nauli na vifaa, na kwamba kila nilipopiga simu mama aliniuliza kama shimo limetema dhahabu, nami nikawa nasema bado kidogo. Halafu simu zikapungua. Sasa natuma tu vocha na hela za dawa kupitia kwa kaka, sipigi. Ilikuwa imepita zaidi ya miaka miwili sijaisikia sauti yake.

Nilingoja anilaumu. Hakunilaumu. Alikuwa ananisikiliza amegeuka mzima, mikono mapajani, wala hakutazama saa. Basi likapiga honi.

"Mwambie unauza taa," akasema akiinuka. "Ni kazi nzuri. Mimi nimeiona."

Nikambebea begi hadi mlangoni. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akapanda. Kiti chake kilikuwa upande wa pili, sikuweza kumwona kupitia dirishani. Basi likatoka taratibu, likapinda kwenye barabara ya Musoma, na vumbi likabaki juu ya stendi.

Nilirudi nikakaa kwenye benchi. Halmashauri ilishafunguliwa, lakini sikuinuka. Nilitafuta namba ya mama yangu kwenye simu, nikaipata chini kabisa, nikapiga. Iliita muda mrefu. Alipopokea aliuliza mara mbili ni nani. Nikamtajia jina langu. Nikasikia kuku nyuma yake na mtu anatwanga. Maneno yote niliyoyapanga yakanipotea, na kitu pekee nilichoweza kumuuliza ni kama mvua imenyesha.